Neno "Tiresome" na Hotuba za Mzee Kibwana

Walimu wenzangu, mliponiaga mlinipa kanga mbili na redio, mkaniomba nami niwaachie kitu: niandike nilivyofundisha Kiingereza tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nimekaa chini kuandika. Vyeo sitavitaja. Anayetaka kujua nilipandishwa lini aende ofisi ya wilaya, faili langu liko huko kama mchwa hawajalimaliza. Mshahara nao ulikuwa mshahara wa mwalimu, na ninyi mnaujua.

Mimi ni mtoto wa Masuguru, hapo hapo Korogwe. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi, na Kiingereza changu cha kwanza nilikisoma kwenye majora ya vitambaa. Nilipomaliza ualimu nilipangiwa Dindira, juu milimani. Nilipanda lori la majani ya chai na sanduku la bati, godoro la sufi na viatu vya kisigino. Viatu vilikufa siku ile ile, kwenye kijia cha kutoka barabarani hadi shuleni. Nilifika peku, nimelowa ukungu, na watoto walinisalimia kwa adabu kubwa bila kuangalia miguu yangu. Nikawapenda hapo hapo.

Mwalimu Mkuu alikuwa Mzee Shekidele, Msambaa mwembamba aliyevaa koti moja kiangazi na masika. Alikaa nyuma ya darasa kusikiliza somo langu la kwanza. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilisema, watoto wakaitikia: paka yuko juu ya mkeka, paka yuko chini ya meza, kwa Kiingereza safi, kwa sauti moja, mpaka mabati yakatetema. Nilijiona nimefaulu. Mzee Shekidele akainuka, akamwuliza mtoto mmoja kwa Kiingereza, polepole, kwenu mna paka? Mtoto akamjibu kuwa paka yuko juu ya mkeka.

"Mwalimu," akaniambia tulipobaki wawili, "umewafundisha kuimba. Wanaimba vizuri sana."

Ndipo akanipa utaratibu wake, ambao nimeutumia mpaka siku mliponiaga. Neno jipya halihesabiwi kuwa limefundishwa mpaka mtoto alitumie katika sentensi ya kweli, ya maisha yake. Anasimama, anaisema. Wenzake wanaojua kuwa ni kweli wananyoosha mikono. Mikono ikiwa michache anakaa, anatafuta nyingine. Hakuna kukariri, na mwalimu hampangii mtoto la kusema. Mzee Shekidele alisema mtoto anayesema uwongo kwa Kiingereza anafanya makosa mawili kwa pumzi moja, na kazi yetu ni kusahihisha yote mawili.

Kwa vifaa tulijisaidia wenyewe. Ubao tuliupaka mkaa uliosagwa pamoja na kaboni ya betri za tochi, tukafutia gunzi la hindi. Picha nilizikata kwenye makaratasi ya dukani. Kipande kifupi cha chaki nilikibana kwenye ganda la kalamu ili kiandike mpaka kiishe kabisa. Leo mnaniuliza projekta inawashwaje, nami nawauliza gunzi mmelitupa wapi.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa upande wa Handeni, kwenye kijiji cha ujamaa nitakachokiita Kwedimbago. Nyumba zilikuwa mpya, zimepangwa kwa mistari, na shule ilikuwa na paa kabla haijawa na milango. Kutoka baridi ya Dindira kuingia jua la Handeni, wiki ya kwanza nilidhani naumwa. Watu wa pale, Wazigua wakulima wa tangu na tangu, walinipokea kwa bada, ugali wao wa muhogo, na mlenda na maneno mengi ya pole, kana kwamba nimefiwa. Baada ya kiangazi kimoja nilielewa.

Mwenyekiti wa kijiji, na wa kamati ya shule pia, alikuwa Mzee Kibwana. Alikuwa mtu wa haki na mchapakazi. Hakula cha mtu na hakumwonea mtu. Ila alikuwa na hotuba. Kila asubuhi watu, na wanafunzi wakubwa pamoja nao, walikusanyika kwenye shamba la ujamaa kungali na umande, wakaweka majembe begani, na Mzee Kibwana akasimama juu ya kichuguu akasema. Alisema juu ya umoja. Alisema juu ya kupe, vyoo, na wazembe ambao hakuwataja majina lakini aliwaeleza mpaka viatu. Hakuna aliyepiga mwayo. Kwetu mkubwa akisema, mdogo anasimama, na mdogo hakati maneno ya mkubwa hata nyumba ikiwaka. Alipomaliza, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, ardhi imekuwa kama kigae, na nguvu za asubuhi zimeishia miguuni. Palizi ilichelewa kila msimu. Kila mtu alijua kwa nini, na hakuna aliyesema.

Nilikuwa nafundisha darasa la saba. Katika msamiati wa mwaka ule kulikuwa na neno "tiresome". Msicheke. Ni neno gumu kuliko linavyoonekana, na wengi wenu bado mnalitumia ovyo, nimewasikia.

Sentensi za kwanza zilikuwa za majembe. Kulima ni "tiresome", kutwanga ni "tiresome", kuchota maji ni "tiresome". Nikawaambia hapana. Jembe linachosha mikono, na mtu akilala anaamka mzima. Neno hili ni la kinachochosha moyo: kitu kidogo, kinachojirudia, kinachokera, nawe huna la kukifanya. Nikawapa ya kwangu. Mgeni aliyeaga mara tatu na bado amekaa. Mbuzi anayefukuzwa jikoni akarudi kwa mlango mwingine. Mnyororo wa baiskeli unaochomoka kila mlima. Hapo wakaelewa, na sentensi zikamiminika. Inzi, kaka wakubwa, jogoo wa jirani asiyejua saa. Mikono ilinyooshwa kwa furaha, hasa kwa yule jogoo.

Halafu akasimama mvulana mmoja, Rajabu, akasema kwa Kiingereza: njaa ni "tiresome". Mikono yote ikaenda juu. Kiangazi kilichotangulia tulikuwa tumekula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na kabla ya yanga kufika tulikuwa tumekula mizizi. Nilikuwa mbele ya darasa na sentensi isiyo na kosa hata moja, na sikuweza kuipitisha.

"Rajabu," nikasema, "umesema kweli, lakini neno ni dogo. Hili ni neno la kitu unachoweza kukilalamikia na bado ukacheka jioni. Njaa haikukeri. Njaa inaua. Usiipe jina la inzi."

Mwanahawa akanyoosha mkono. Huyu alikuwa binti wa mjane mmoja, mrefu, mpole, na kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko vyote nilivyowahi kufundisha. Tangu kijiji kile kianzishwe hakuna msichana aliyekuwa amekwenda sekondari, na sote, mama yake na mimi na walimu wenzangu, tulikuwa tumemwekea matumaini yeye.

"Mwalimu, na kitu kidogo kinacholeta njaa je?"

Nikafikiri, nikasema: "Kikiwa kidogo, na kinajirudia, na kinakera, neno linafaa."

"Asante Mwalimu," akasema, akakaa.

Siku ya wazazi ikafika. Afisa Elimu alikuja kutoka Handeni kwa Landrova, akakaa kiti cha mbele pamoja na Mzee Kibwana. Akina mama walikaa kwenye mikeka, Mama Kibwana mbele yao. Darasa la saba lilitakiwa kuonyesha Kiingereza chake. Niliandika maneno manne ubaoni, nikaeleza wageni utaratibu wa sentensi ya kweli na mikono, nikaita wanafunzi wanne. Watatu walisema vizuri. Wa nne alikuwa Mwanahawa, na neno lake ndilo hilo.

Akasimama, mikono nyuma, akasema wazi bila kukwama: "The Chairman's morning speech is tiresome, because the sun becomes hot while we are standing."

Mikono ya darasa zima ikaenda juu. Ilikuwa ni mazoea tu. Walisikia jambo la kweli wakanyoosha. Mzee Kibwana, ambaye Kiingereza hakukijua ila alilitambua neno "Chairman", alifurahi sana. Akawageukia wazazi kwa tabasamu, na yeye akanyoosha mkono. Wazazi wakaona Mwenyekiti amenyoosha, wakanyoosha.

Afisa Elimu alikuwa ameinamia viatu vyake, mabega yanatikisika.

"Mwalimu," akasema Mzee Kibwana, mkono ungali juu, "hebu tufasirie na sisi, tufaidi."

Sijawahi kuogopa darasani kama siku ile. Kumgeuzia maneno mtoto mbele ya wenzake waliomsikia, nisingeweza. Kuyasema mimi, ningekuwa nimemsomea mashtaka. Nikasema, "Mzee, mwenye maneno yupo. Atayasema mwenyewe."

Mwanahawa akapiga goti, kama anavyopaswa mtoto kwa mzee. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Nimesema, hotuba ya Mwenyekiti ya asubuhi inakera, kwa sababu jua linakuwa kali sisi tumesimama."

Mzee Kibwana akashusha mkono taratibu. Mama Kibwana, mwanamke mwenye akili nyingi, akawahi kufungua mlango wa kutokea.

"Anakutania huyo!" akasema kwa sauti ya kucheka. "Si mjukuu wako? Akutanie nani kama si yeye?"

Ninyi wa mijini huenda hamjui uzito wa jambo hilo. Babu na mjukuu ni watani. Mjukuu anaweza kumwambia babu yake kuwa amezeeka, ananuka ugoro, amwachie bibi aolewe na mwingine, na watu wakacheka, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Wazee wakaanza kucheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Uso wa Mzee Kibwana ukaanza kulegea. Tulikuwa tumeokoka.

"Hapana bibi," akasema Mwanahawa kwa upole, goti lingali chini. "Sitanii. Mwalimu amekataza uwongo kwenye sentensi."

Ngoma iliyofuata ilichezwa, na soda zikanywewa, lakini sikumbuki nani alicheza.

Sasa niwaeleze kilichokuwa hatarini. Siku hizo mtihani peke yake haukumpeleka mtoto sekondari. Kamati ya shule iliulizwa juu ya tabia yake na bidii yake katika kazi za kijiji, na neno la mwenyekiti lilikuwa zito kuliko la wengine wote. Mwanahawa alifaulu mtihani vizuri sana. Kamati ilikuwa bado haijakaa.

Mama yake alinijia nyumbani mchana mmoja, akakataa kiti. "Mwalimu, mimi nilikupa mtoto mwenye adabu," akasema. "Wewe ulitaka kweli. Sasa hiyo kweli nitampikia?" Nilimjibu kuwa nitakwenda kwa Mwenyekiti. Hakuaga. Nilikaa pale mlangoni nikiona uchungu, kwa sababu alikuwa na haki.

Kwenye shamba, hotuba hazikupungua. Zilirefuka. Mzee Kibwana alisema kama mtu anayejaza shimo. Nilianza kwenda na jembe langu mapema, kabla ya kengele ya shule, nikasimama na watu. Nilisikiliza yote, mpaka kupe. Mwanahawa alisimama mstari wa mbele kila siku, jembe begani, macho kwa msemaji, na kusema kweli hakuna aliyemsikiliza yule mzee kwa adabu kama yeye.

Jumapili nikaenda kwa Mzee Kibwana. Alikuwa anasuka kamba. Mama Kibwana akaniletea kigoda, akaingia ndani, lakini si mbali na mlango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Mwalimu. Umekuja kumwombea radhi?"

"Hapana mzee. Mwenyewe hajasema nimwombee, na sijui nimwombee kwa kosa gani."

Akaendelea kusuka. Nilidhani amemaliza na mimi. Kisha akaniuliza kama naijua mikonge ya Korogwe. Nikasema nimezaliwa jirani nayo.

"Mimi nilikata mkonge pale tangu ndevu hazijaota," akasema. "Asubuhi tunaitwa, giza, tumejipanga. Mnyapara anasema, Mzungu nyuma yake anavuta sigara. Unaitikia 'hapa', basi. Ukisema la pili unakatwa kwenye kipande, ile kadi ya siku za kazi, siku yako imepotea. Miaka yote ile, Mwalimu, asubuhi yangu ilikuwa neno moja. Hapa. Hapa. Uhuru ulipokuja nikasema, alhamdulillahi, sasa asubuhi na mimi nitasema. Leo mtoto wa juzi anasimama mbele ya mkubwa kutoka wilayani, ananiambia nakera."

Nilimwonea huruma kweli kweli. Nilikuwa nimelifundisha lile neno kwa upande wa msikilizaji tu, na kitabu nacho kilikuwa hivyo hivyo. Anayesema naye ana asubuhi zake.

"Mzee," nikasema mwisho, "mtoto hakusema usiseme. Yeye ametaja jua."

"Najua alichotaja."

"Aliponiuliza darasani, aliniuliza juu ya njaa."

Kamba ikasimama mikononi mwake. Nikamweleza sentensi ya Rajabu, na mikono ilivyonyooshwa, na nilivyomkatalia, na swali la Mwanahawa. Alinisikiliza bila kunikatiza, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya.

"Nenda Mwalimu," akasema. "Kamati itakaa Alhamisi."

Alhamisi tulikaa darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yametufika kifuani. Mama Kibwana aliteleka maji ya chai nje, kwenye mafiga, maana vikao vya Mzee Kibwana vilijulikana: chai iliandaliwa, ikanywewa, ikatelekwa tena. Mama yake Mwanahawa hakuwa mjumbe lakini alikuja, akakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Niliona ncha ya kanga yake.

Majina ya wavulana wawili yalipita. Likasomwa la Mwanahawa. Mwalimu Mkuu wetu akasema maksi zake, akasema na bidii yake. Mimi nikasema kuwa katika miaka yangu ya kufundisha sijapata mwanafunzi kama huyu. Mjumbe mmoja akakohoa, akasema elimu ni nzuri, lakini elimu bila adabu ni hasara kwa kijiji. Wawili wakatikisa vichwa kumkubali. Kisha wote wakamtazama Mwenyekiti.

Mzee Kibwana akasimama. Akashika meza kwa mikono miwili, akajisafisha koo, na kila mjumbe akajiweka sawa kwenye dawati kwa safari ndefu. Mmoja alivua viatu.

"Siku ile mtoto alisema, mkanyoosha mikono," akasema. "Na mimi nilinyoosha, mbele ya wageni. Leo sitaushusha. Aende."

Akakaa.

Hakuna aliyejua la kufanya. Mwalimu Mkuu akauliza kama kuna la zaidi, Mwenyekiti akatikisa kichwa kuwa hakuna. Chini ya dirisha nilisikia mtu akianza kulia, akijiziba mdomo kwa kanga. Tukatoka nje mmoja mmoja, na Mama Kibwana, aliyekuwa anapuliza moto kwenye mafiga, akainua uso akatutazama kwa mshangao. Maji ya chai yalikuwa hayajapata hata joto.